Mngoje Chini

Garazi alipanda ukuta wa kanisa akiwa na miaka saba,
Oñati, Jumapili ya manyunyu,
na kasisi, badala ya kumwita Mungu, akamwita baba.
Baba hakumchapa. Juma lililofuata
alileta kamba kutoka kiwandani,
ncha moja akamfunga yeye, ya pili akanipa mimi.
"Shika." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Aliye juu mngoje chini, husema watu,
na huisema kwa meno, kama wenye deni la kulipwa.
Mimi nimeifanya kazi.
Miaka kumi na tisa nikitazama nyayo za mtu mmoja,
shingo imepinda kama mpini wa mwavuli.
Kisigino chake cha kushoto hutetemeka
kabla hofu haijamfikia yeye mwenyewe.
Akipuliza vidole mara mbili, ataruka;
akipuliza mara tatu, njia imempotea.
Uso wake? Huo waulizeni wapiga picha.

Kwenye mashindano kamba hushikwa na mtu wa kamati,
kijana wa fulana ya njano asiyejua lolote kuhusu kisigino.
Mimi hukaa jukwaani na mama.
Huko nyuma wamefungiwa chumbani, simu zimechukuliwa,
wasiuone ukuta kabla ya wakati.
Kisha hutolewa wote pamoja, dakika sita za kutazama,
nao husimama chini wakikanda hewa:
mkono wa kulia hapa, goti pale.

Innsbruck, mikono yangu ililegeza kamba isiyokuwepo.
"Unanipiga kiwiko," mama alisema.
Shaba. Miaka kumi na tisa.
Kamera zote zikageukia dhahabu,
naye akala keki ya chokoleti, nzima,
kwenye kituo cha treni, akicheka.

Ilikuwa keki ya mwisho kwa muda mrefu.
Mtu fulani alimwambia: nusu kilo ni kishikio kimoja zaidi.
Tofaa likakatwa vipande vinane,
vinne vikarudi kwenye jokofu.
Mama aliificha mizani ndani ya tanuri.
"Nimeshakula," Garazi aliniambia,
na hiyo ndiyo kamba pekee aliyowahi kunipiga.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Lakini kidole kimoja cha pete, Februari, mazoezini,
kililia pa! kama kijiti kikavu,
nikakisikia mpaka chini nilikosimama,
kikavunja misimu miwili.
Daktari wa Donostia alichora kano nyuma ya risiti.
Alirudi mzito kidogo, mashavu mekundu, anakula.
Wa tisa. Wa kumi na nne. Wa tisa tena.

Koper, mara ya mwisho. Ana ishirini na sita.
Kwenye kishikio cha thelathini na tatu
nilikiona kisigino, nikajua.
Akaachia kabla ya kuanguka. Ni vitu viwili,
ingawa ubao wa matokeo huandika kimoja.
Baadaye alikuja Chihaya wa Morioka, miaka kumi na sita,
akakipita hicho hicho
kama mtu anayepita kwenye mlango ulioachwa wazi,
na Garazi, chaki bado mikononi,
akapiga makofi mpaka akatoka moshi mweupe.

Siku hizi anafunga vishikio kwenye ukumbi wa watoto, Bergara,
drili mkononi, akiapa kwa Kibaski.
Jumamosi alinitupia mkanda wake wa kupandia.
"Leo wewe."

Mwamba wa Atxarte ulikuwa wa baridi,
umelainika kwa viganja vya wengi.
Kwenye kulabu ya nne magoti yakagoma.
Vuta! nikapiga kelele,
nikatazama chini.

Mkate mdomoni,
mikono miwili kwenye kamba,
na ule uso.

"Kisigino chako cha kulia," alisema akitafuna,
"kinatetemeka."